Frambuazi na mure mu jardini ya Bukavu, nianzie wapi?

Jardini_Muhumba (Bukavu)

Jambo wote humu. Niko na kiwanja kadogo nyuma ya nyumba hapa Muhumba, inateremuka kuelekea ziwa, upande ya juu inapata jua tangu asubui mpaka saa nane hivi, upande ya chini maji inasimamaka wakati ya mvua kubwa. Miaka yote tulikuwa tunapanda lengalenga na matembele, na kule katikati nyanya, nyanya kila sezoni. Sasa nataka kubadirisha kidogo niweke matunda ya miba, frambuazi (Waingereza banaita raspberry) na mure (blackberry), juu batoto banaipenda sana na ku alimantasio inauzwaka mu kabarketi ka plastiki kwa bei yenye mutu anafikiri mara mbili, na mara mingi unafungua unakuta ya chini imesha ota ukungu.

Dada yangu mukubwa eko Ubelgiji, anakuya kututembelea mwezi ya saba, amenitumia picha za katalogi ya kule. Kuna frambuazi nyekundu, ya manjano, nyeusi, kuna mure ya miba na ya bila miba, kisha kuna zile za kuchanganya, loganberry, tayberry, boysenberry, na anasema chagua nitabeba. Miye nashindwa. Sijue kama ile miti inaweza kuzaa huku kwetu kwenye baridi ya kweli haiko, sijue tofauti yao, na tena mama mukwe yangu wa Kabare ananicheka, anasema kwao ile kitu inajiota pembeni ya barabara, batoto benye kuchunga mbuzi banakula bule, unaitafutia Ulaya ya nini. Je ni kitu moja kweli? Naweza kutoa ile ya kichaka nikaipanda nyumbani? Kama kuna mwenye amesha panda hapa Bukavu ao Goma anisaidie, sipendi kumubebesha dada yangu mizigo yenye haitazaa.

Agro_Kabare

Ndugu wa Muhumba, mama mkwe wako ameona mbali, umusikilize. Zote ni jamaa moja, Rubus, na ni ndugu za waridi, ndiyo maana miba inafanana. Huku kwenye milima ya Kivu tuko na za kwetu za pori, kuna Rubus steudneri, Rubus apetalus, Rubus pinnatus, Rubus rigidus, na kuna moja inaitwa Rubus kirungensis, jina imetoka kwa volkano zetu hizi hizi. Watu wa Rutshuru wanaita inkeri. Gorila wa mlimani wanakula majani na matunda yake, kwa hiyo usifikiri ni tunda ya kuja na ndege.

Tofauti ya frambuazi na mure usiitafute kwenye rangi, juu kuna frambuazi nyeusi na kuna mure ikiwa bado ni nyekundu kabisa. Chuma tunda: kama moyo mweupe unabaki kwenye mti na tunda inakuja na shimo ndani, ni frambuazi. Kama moyo unakuja pamoja na tunda na unaukula, ni mure. Zile za kuchanganya kama loganberry na tayberry zinakuja na moyo sawa vile mure, ila tunda ni refu, jekundu-jekundu, na asidi yake inafanana zaidi na ya frambuazi.

Sasa jambo kubwa lenye linakuhusu. Mti huu mzizi unaishi miaka mingi lakini fimbo moja inaishi miaka 2 tu. Kwa aina nyingi za Ulaya, mwaka wa kwanza fimbo inarefuka bila kuzaa, halafu inapita baridi, halafu mwaka wa 2 inatoa maua, inazaa, inakufa. Ile baridi ya katikati si mapambo, ndiyo inaamusha macho ya fimbo. Frambuazi za kawaida zinataka masaa 800 mpaka kupita 1.000 chini ya digri 7, mure nyingi zinataka kati ya 200 na 900. Bukavu tuko kwenye mita 1.500 hivi, usiku baridi haishukake mpaka digri 7. Basi mti unabakia kijani mwaka mzima, unarefuka, unajaza kiwanja, na matunda unahesabu kwa vidole. Mtu anafikiri udongo ni mbaya anaongeza mbolea, na mbolea inaongeza majani tu.

Kwa hiyo mwambie dada yako loganberry, tayberry na boysenberry aache kwanza. Ni matunda mazuri sana, sikatai, loganberry ilitokea mwaka 1881 kwenye bustani ya jaji James Harvey Logan kule Santa Cruz, California, mure na frambuazi zilichanganyikana zenyewe mbele yake, na tayberry waliitoa Scotland mwaka 1979 wakaipa jina la mto Tay. Lakini ni miti ya nchi zenye baridi, zinazaa kwenye fimbo ya mwaka wa 2.

Chenye unatafuta ni aina zenye kuzaa kwenye fimbo ya mwaka ule ule, Wafaransa wanaita remontanti. Frambuazi: Heritage, ilitoka New York mwaka 1969, ao Autumn Bliss ya Uingereza, ao Polka ya Poland. Hizi fimbo inatoka kwenye udongo, inarefuka miezi 4 ao 5, inatoa maua kwenye ncha bila kungojea baridi. Kwa mure, chuo kikuu cha Arkansas kule Marekani ndicho kilifungua njia hiyo mwaka 2004, na kati ya zile walizotoa baadaye kuna Prime-Ark Freedom yenye haina miba, kwa batoto bako njo nzuri.

Tena akileta, alete miche midogo ya laboratwari kama anaweza, bila udongo, na karatasi ya afya ya mimea ya kule Ubelgiji, juu ku mpaka SQAV, wale wa serikali wa karantini ya wanyama na mimea, wanaweza kuiomba na ni haki yao. Mwezi wa saba ni kiangazi, usipande chini mara moja, weka kwenye sashe ao ndoo chini ya kivuli mpaka mvua ya mwezi wa tisa.

Lava_Keshero (Goma)

Muzee Agro amesema yote ya kitabu, miye nitasema ya mu mikono. Niko Goma, Keshero, kwenye udongo yenyewe ni kuutafuta na tochi, chini ni mawe ya volkano. Hapa mutu anapanda mu mufuko, mufuko ya kilo 50 ile ya mchele, unatoboa chini, unaweka mawe madogo, kisha udongo ya Kibumba na mbolea ya mbuzi yenye imesha oza kabisa. Frambuazi inakubali vizuri mu mufuko juu mizizi yake haiendake chini sana. Mure inataka nafasi zaidi.

Kwa inkeri ya pori, ndiyo unaweza. Usingoe muti mukubwa na mizizi, itakufa na utaumia mikono bule. Enda wakati mvua inaanza, tafuta fimbo ndefu yenye ncha yake inainama, zika ile ncha mu udongo kama sentimita 8 hivi, weka jiwe juu, acha. Kisha wiki kadhaa utaona inasukuma muche mupya, sasa kata ile fimbo ya mama na beba muche na udongo yake. Lakini uchague muti! Njo siri ya pori hiyo. Pori haiko sawa, kuna muti unatoa matunda ya mbegu tupu, na ule wa pembeni yake unatoa tunda kubwa ya sukari. Kwa hiyo pita wakati batoto ya kijiji banakula, uliza bao, banajua muti gani ni mutamu kupita agronomu yeyote, funga kamba ya rangi pale, rudi wakati ya mvua. Na utoe mu shamba ya mutu mwenye anakuruhusu, si mu parki.

Jambo ingine, majivu. Batu banaweka majivu kila pahali. Kwetu Goma achana nayo kabisa kwa hii miti. Lava ya Nyiragongo iko na potasiumu mingi na udongo yetu mara mingi haina asidi, na hii miti inataka asidi kidogo, pH 5,5 mpaka 6,5. Ukizidisha majivu majani inakuwa manjano na mishipa inabakia kijani, ni chuma njo inakosa. Bukavu kwenu udongo nyekundu iko na asidi ya kutosha ao kupita, pale kiganja kimoja cha majivu kwa shimo haitadhuru. Na batu ya upande ya Rusayo na Sake banajua vile moshi ya volkano inachomaka majani, huko panda nyuma ya ukuta ao ya miti mirefu.

Yaya_Katindo

Lava, hapo kwa inkeri niko pamoja na wewe kabisa, miye meme napenda ladha yake kupita ya bazungu, ya bazungu ni kubwa lakini ni maji. Ila kuna kitu kimoja nataka niseme mbele mutu hajaanza. Kuna ile frambuazi ya India, Rubus niveus, fimbo yake ni nyeupe sawa imepakwa unga, tunda inaanza nyekundu inaisha nyeusi yenye manyoya-manyoya. Batu mingi banaitafuta juu haiombi baridi hata kidogo, Florida kwenye joto inazaa, Kenya iko. Na kweli inazaa kupita kiasi. Lakini ndege banabeba mbegu yake na ile mbegu inaweza kulala mu udongo miaka na miaka. Visiwa vya Galápagos ilifunika misitu, serikali ya kule inapigana nayo mpaka leo. Sasa fikiria mutu anaipanda Miti ao Kavumu, pale na parki ya Kahuzi hakuna hata mbali. Ile parki imesha teseka ya kutosha. Miye naomba batu ya Kabare na Kalehe baiache, tuko na ya kwetu.

Agro_Kabare

Yaya Katindo, asante kwa hiyo, nilikuwa nataka kuitaja kama njia rahisi lakini una haki. Kwa mutu wa katikati ya mji mwenye anakata fimbo na kuchuma kila siku hatari ni ndogo, kwa mutu wa pembeni ya msitu hapana. Kuna ndugu yake mwenye naona anatufaa zaidi, mure ya milima ya Andes, Rubus glaucus. Kule Colombia na Ecuador wanailima kwenye mita 1.500 mpaka 3.000, karibu na ekweta sawa sisi, hakuna baridi ya mwaka, na inazaa karibu mwaka mzima. Kwa hali ya hewa hakuna mure yenye inafanana na Bukavu kama hiyo. Kuipata njo shida.

Na mtu asifikiri kwamba bila baridi hakuna biashara ya mure. Michoacán kule Mexico wanatoa mure nyingi kupeleka nje, aina ya Tupy, yenye Wabrazil waliitoa mwaka 1988. Wanafanya nini? Wanangoa majani yote ya fimbo kwa dawa, wanakata ncha, mti unafikiri baridi imepita na unaamuka. Ku jardini ya nyumbani hauhitaji dawa, unaweza kungoa majani kwa mukono, ni kazi ya asubui moja kwa fimbo 10. Brazos ya Texas nayo inaomba baridi kidogo tu, ila iko na miba ya kweli.

Mama_Sirop_Lushi (Lubumbashi)

Bajirani ba Kivu yambo yenu. Miye niko Lubumbashi, njia ya Kasapa, na niko na frambuazi mu parselle, paka niseme kwetu bintu biko tofauti kiloko. Sisi tuko mita 1.200 lakini tuko mbali na ekweta, mwezi ya sita na ya saba usiku baridi inakamata kweli, inashuka chini ya digri 10, kwa hiyo ile Heritage inalala kidogo na inaamuka muzuri. Shida yetu haiko baridi, shida ni mwezi ya kumi. Jua ya mwezi ya kumi inapika tunda ku muti, unakuta bile bipande bidogo bya tunda bimekuwa byeupe upande ya jua, haina ugonjwa, ni kuungua tu. Miye naweka neti ya kivuli upande ya magaribi, ao unapanda nyuma ya mupapai, ikate jua ya saa nane.

Na maji. Kuanzia mwezi ya tano mpaka ya kumi mvua hakuna, hii miti inataka kama litre 25 kwa metre care moja kila wiki, zaidi wakati tunda inajaa. Unaweka majani makavu chini, nene, mizizi ikae mu baridi. Lakini hapo kwetu mchwa banakuya kula majani na kula na miti ya kushikilia, kwa hiyo bomba ya chuma ku kona, si mubao. Bantu ya Lushi tunapendaka sana udongo ya kichuguu kwa mboga, kwa frambuazi acha, ile udongo iko na chokaa mingi.

Sasa konfitiri, paske najua njo mutauliza. Usingojee yote iive. Weka kama robo moja ya matunda yenye bado nyekundu-nyekundu ya asidi, ile njo inafanya ikamate juu iko na pektini. Kilo moja ya tunda, gramu 800 ya sukari, ndimu moja. Mure ya pori iko na mbegu ya nguvu, pitisha nusu mu kichungi, nusu acha, kisha changanya. Sufuria ya mupana, si ya kina, maji itoke mbio, ukipika murefu sana rangi inakuwa ya kahawia na harufu inaenda.

Jardini_Muhumba (Bukavu)

Aksanti sana sana kwenu wote, sikufikiri nitapata hivi. Nimesha mwambia dada yangu aache tayberry, anatafuta Heritage na ile Prime-Ark ya bila miba. Na inkeri nitamupeleka mama mukwe aniongoze, amefurahi mpaka basi. Sasa nina maulizo ingine. Ile upande ya chini yenye maji inasimama nilifikiri njo ya mure juu inapenda maji, ni kweli? Katikati kwenye nyanya udongo ni muzuri sana nilitaka kuweka frambuazi pale. Na kukata, sielewi unakata wakati gani kama mwaka haina baridi, katalogi inasema mwezi ya pili, ya kwao ama ya kwetu?

Agro_Kabare

Ndugu, hapo umeuliza maulizo yenye yanaua jardini nyingi, ngoja nijibu polepole.

Upande wa chini hapana. Inapenda maji, haipendi kusimama ndani ya maji, frambuazi hasa. Mizizi ikikaa siku mbili tatu bila hewa, kuna ugonjwa wa kuoza mizizi, Phytophthora, unaingia, na utaona fimbo inanyauka wakati udongo una maji, mtu anaongeza maji tena, inaisha. Pale chini weka matembele yako ao migomba. Kama hauna nafasi ingine inua tuta sentimita 30, na kwa mteremko wa Muhumba lile tuta likate mlima, lisishuke nao, mvua ya Bukavu unaijua.

Katikati kwenye nyanya pia hapana, na hii ndiyo naomba uisikie sana. Nyanya, viazi, biringanya, pilipili, zote zinaacha kwenye udongo ukungu mmoja, Verticillium, unakaa miaka, na unaingia kwenye frambuazi kupitia mizizi. Fimbo inageuka bluu-bluu chini, majani yanaanguka kutoka chini kwenda juu. Mure inavumilia zaidi kidogo. Kwa hiyo panda juu, pale kwenye jua ya asubui, pale hapajawahi kuwa na nyanya, na kama zimepita huko zamani pumzisha na maharagwe ao mahindi miaka kadhaa mbele.

Kukata. Katalogi ni ya kwao, funga ile ukurasa. Kwa sisi kisu ndicho baridi. Aina zenye kuzaa fimbo ya mwaka ule ule, unakata zote chini kabisa, sentimita 5 kutoka kwa udongo, bila huruma, na kutoka siku ile unahesabu miezi 4 ao 5 mpaka matunda. Basi uliza unataka kuchuma wakati gani. Ukikata mwezi wa nane kwa sababu mvua inakaribia, utachuma mwezi wa kwanza kwenye mvua yote, na tunda lote litakuwa la Botrytis, ule ukungu wa majivu wenye unaukuta kwenye barketi ya alimantasio. Ukikata mwezi wa pili, fimbo inakua na mvua ya mwezi wa tatu, nne, tano, inatoa tunda mwezi wa sita na saba, jua kavu, sukari inapanda, ukungu hauna maji ya kuishi nayo. Nusu ya mustari kata mwezi wa pili, nusu mwezi wa nne, utachuma mpaka mwezi wa nane, ila hiyo ya pili utaimwagilia.

Inkeri ya pori ni ingine. Hiyo unakata tu fimbo yenye imesha zaa, mara inapomaliza, na unabakisha fimbo mpya 5 ao 6 zenye nguvu kwa kila mti. Mure yenye kusimama ikifika mita 1 unakata ncha kwa vidole, inatoa matawi pembeni, na matawi ndiyo yanazaa.

Nafasi: frambuazi sentimita 50 kati ya mti na mti, mustari na mustari mita 2. Mure yenye kutambaa mita 2 ao 3. Miti ya mikaratusi ku mwisho, fili (waya) mbili, moja sentimita 70, moja mita 1,40. Na inkeri iweke kona ya mbali na frambuazi ya Ulaya, kwa sababu ya pori inaweza kuwa na virusi bila kuumwa na pusero (vidukari) wanazibeba kwa frambuazi, ile ya Ulaya haina nguvu hiyo.

Kitu cha mwisho kwa watu wa kuzalisha miche. Baadhi ya mure na loganberry za zamani za bila miba, kukosa miba kuko kwenye ngozi ya juu tu. Ukichukua kipande cha mzizi, muche unatoka na miba yote. Hizo zika ncha kama Lava alivyosema.

Mwana_Nguba

Nimesoma yote, aksanti wakubwa. Miye ulizo yangu ni ya mfuko, je mutu akipanda mistari 3 ao 4 anaweza kuuza Goma kwa mahoteli, kupakia ku bato ya usiku?

Mama_Sirop_Lushi (Lubumbashi)

Mutoto yangu, hii tunda haina subira. Ikisha chumwa haiivi tena, si sawa na avoka yenye unachuma ngumu unangojea. Kwa hiyo unachuma imeiva, na ikiiva iko na siku 2 ao 3 mu frigo, basi. Chuma asubui umande ikikauka, usioshe, usijaze kina, bitunda birundikane mara mbili ao tatu tu, paske ya juu inavunja ya chini. Frambuazi juu ya shimo yake inavunjika mbio kuliko mure. Usiku moja ku bato inawezekana kama ilipita mu frigo mbele. Yenye imebakia, usiku ule ule, sufuria. Konfitiri na siro haina haraka ya bato.

Lava_Keshero (Goma)

Na ndege, Mwana Nguba, usisahau ndege. Wale wa mukia murefu benye kutembea kikundi banamaliza mustari mbele haujaamuka. Neti ya samaki ya zamani, uliza bavuvi pale ku bandari, banaitupaka ikisha pasuka.

Hoteli banapenda, miye nauzishaka kidogo kwa mutu wa gato, lakini banataka kila wiki, si wiki moja ndiyo wiki ingine hapana. Kwa hiyo ile mambo ya kukata nusu-nusu yenye muzee Agro amesema njo inakuhusu wewe kupita wote.

Ndugu wa Muhumba, Heritage ninayo, inatoa batoto pembeni kupita nafasi yenye niko nayo, mbele ya kumubebesha dada yako muulize kama kuna mutu anapanda bato mwezi ya tisa, nitakufungia miche kumi mu majani ya mugomba yenye maji. Wewe unitafutie ncha za ile inkeri ya mama mukwe, ya Kabare sijawahi kuonja.

Jardini_Muhumba (Bukavu)

Tumekubaliana! Binamu yangu anapandaka bato kila mwisho wa wiki, nitakuandikia mu mesaji. Basi dada alete Prime-Ark tu. Mama mukwe anauliza kama ile ya Kabare unataka yenye tunda nyeusi ao ile ya rangi ya machungwa, zote ziko.

Lava_Keshero (Goma)

Zote mbili, mwambie aksanti. Na zifungwe na alama, ikiwa bado changa majani yake siwezi kutofautisha.